Nani kakupa hiyo namba? Anwani ya IP, mira za programu huria, na suala la kumwamini anayekujibu

Uko maabara ya chuo na laptopu yenye Linux, unataka kuweka R kwa ajili ya data zako za utafiti. Unaandika `sudo apt update`, unabonyeza Enter, halafu... asilimia sifuri. Inakaa hapo hapo. Alama ya waifai imejaa, mistari yote ipo. Jirani yako anasema, "Mtandao uko chini leo." Mwingine anasema, "Hizo seva za Ubuntu ndizo zimelala, badilisha mira." Wote wawili wanabahatisha, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeangalia kitu cha kwanza kabisa: laptopu yako ina namba gani, na nani kaipa hiyo namba.

Hapa kuna vitu viwili ambavyo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali. Kimoja kiko hatua chache kutoka ulipokaa, nacho ni seva inayogawa anwani za mtandao. Kingine kinaweza kuwa nchi nyingine kabisa, nacho ni kompyuta inayohifadhi nakala za programu unazopakua. Mafundi huiita mira, yaani kioo. Nimeviweka pamoja kwa sababu kosa la kile cha kwanza linapenda kuvaa sura ya kile cha pili. Halafu kuna sababu nyingine inayonivutia zaidi: kompyuta yako inakiamini cha kwanza bila kuuliza chochote, na cha pili haikiamini hata kidogo. Ukiikamata tofauti hiyo, kutafuta tatizo kunakuwa kazi ya dakika chache.

Mapokezi ya gesti

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani ya IP, mfano 10.20.4.57, ili pakiti za data zijue ziende wapi. Zamani msimamizi alizunguka na daftari akiandika namba kwenye kila mashine kwa mkono. Mwaka 1985 ikaja itifaki ya BOOTP, ambayo iliwezesha kompyuta kuomba anwani inapowaka, lakini bado msimamizi alipaswa kuorodhesha kila mashine mapema. Mwaka 1993 ikaja DHCP, na toleo tunaloendelea kulitumia kwa IPv4 lilichapishwa 1997, mwandishi wake akiwa Ralph Droms.

DHCP ni kama mapokezi ya gesti. Chumba hununui, unakodi kwa muda. Shida ni kwamba mgeni anafika hajui hata mapokezi yako wapi. Kwa hiyo anasimama uwanjani na kupaza sauti: "Jamani, kuna wa kunipa chumba?" Ujumbe huo unatoka anwani 0.0.0.0, maana mgeni hana anwani bado, kwenda 255.255.255.255, maana yake kwa kila aliyepo kwenye mtandao ule. Seva inajibu: "Kuna chumba namba 57." Laptopu inasema, tena kwa sauti ili wote wasikie: "Nakichukua hicho cha 57." Seva inamalizia: "Sawa, ni chako kwa saa nane." Hatua nne tu, na kwa kawaida zinaisha ndani ya sekunde moja au mbili.

Pamoja na ufunguo wa chumba unapewa kikaratasi cha maelekezo. Kinakwambia geti la kutokea ni lipi (hilo ni lango, yaani anwani ya ruta), na ukimtafuta mtu kwa jina umuulize nani (hiyo ni seva ya DNS, inayogeuza jina kama archive.ubuntu.com kuwa namba). Kishike kikaratasi hicho akilini. Kina madhara makubwa kuliko chumba chenyewe.

Jambo moja kuhusu muda wa kukodi, kwa sababu linawachanganya watu wengi. Mkataba ukifika nusu, laptopu haisubiri kufukuzwa. Inamwendea yule yule aliyeipa chumba na kuomba kuongezewa. Asipojibu, inaendelea kukaa, na muda ukifika asilimia 87.5 inapaza sauti tena, safari hii kwa yeyote atakayesikia. Ndiyo maana seva ya DHCP ikifa asubuhi, ofisi nzima haizimiki kwa pamoja. Aliyewasha kompyuta sasa hivi anakosa kabisa, aliyefika saa moja iliyopita anapeta tu, na kadiri siku inavyokwenda watu wanadondoka mmoja mmoja. Kila mmoja anadhani tatizo ni la mashine yake.

Soma namba kabla ya kulaumu mtu

Kwenye Linux andika `ip addr`, kwenye Windows andika `ipconfig /all`. Kwenye simu, gusa jina la waifai uliyounganishwa na utaona maelezo yake.

Ukikuta namba inaanza na 169.254, hakuna aliyekujibu. Laptopu imepiga kelele, ikapata kimya, ikajipangia yenyewe namba kutoka kundi lililotengwa kwa kazi hiyo. Ni mgeni aliyekosa mapokezi akalala kwenye benchi la nje: anaweza kuongea na wenzake wa kwenye benchi, lakini getini hatoki. Windows na Mac hufanya hivi; Linux nyingi hubaki tu bila anwani yoyote ya IPv4. Katika hali hiyo kubadilisha mira ni sawa na kubadilisha kituo cha redio wakati umeme umekatika. Angalia waya, angalia swichi, kisha uliza kama seva ya DHCP iko hai.

Au iko hai lakini vyumba vimekwisha. Hesabu ni ya shule ya msingi. Mtandao mdogo wa kawaida, ule unaoandikwa /24, una anwani 254 za kugawa, na ruta inachukua moja. Ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 200, kila mmoja na simu na laptopu, una vifaa 400. Mkataba ukiwa wa saa 24, wanafunzi wa kipindi cha saa mbili asubuhi wanaondoka na funguo mfukoni, na wa saa nne wanakuta gesti imejaa ingawa vyumba viko tupu. Kufupisha mkataba hadi saa moja husaidia sana. Simu za siku hizi zimeongeza chumvi kidogo: tangu Android 10 (2019) na iOS 14 (2020), simu hujitambulisha kwenye waifai kwa kitambulisho cha kubuni badala ya kile cha kiwandani, ili isifuatiliwe kirahisi. Ni jambo zuri kwa faragha. Ila simu ikibadilisha kitambulisho, seva huiona kuwa mgeni mpya, na mgeni mpya anapewa chumba kipya wakati kile cha zamani bado kimeandikwa kuwa na mtu.

Tapeli wa mapokezi

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Namba unayo, haianzi na 169.254, lakini haifanani na za wenzako. Wao wana 10.20.4 na kuendelea, wewe una 192.168.1.103.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Mtu hosteli amenunua ruta ndogo ili apate waifai chumbani. Ruta ina tundu moja la kuingizia intaneti na manne ya kutolea. Yeye amechomeka waya wa chuo kwenye mojawapo ya yale manne. Ruta hiyo ilitoka dukani ikiwa na seva yake ya DHCP imeshawashwa, kwa hiyo kuanzia dakika hiyo gesti ina mapokezi mawili. Mgeni anapiga kelele uwanjani, na wote wawili wanaitikia.

Nani anashinda? Itifaki inairuhusu laptopu kuchagua jibu lolote, na kwa kawaida inachukua la kwanza kufika. Seva halali ya chuo huenda iko jengo lingine na inahudumia maelfu. Ruta ndogo iko chumba cha pili na haina kazi nyingine. Basi mara nyingi ndogo inashinda, lakini si kila mara, na hapo ndipo kichwa kinapouma: nusu ya darasa wako sawa, nusu hawako sawa, ukizima waifai na kuwasha unahamia upande wa pili, na fundi akija anakuta kila kitu kinafanya kazi.

Kumbuka kile kikaratasi. Ruta ndogo inakwambia geti ni 192.168.1.1, yaani yeye mwenyewe, na yeye hana njia ya kutoka nje. Inakwambia pia majina umuulize yeye. Ukiandika `apt update`, laptopu inauliza archive.ubuntu.com iko wapi, haipati jibu, na kwenye kioo cha kompyuta yanatokea maneno kwamba jina archive.ubuntu.com limeshindwa kutafsiriwa. Mtu anasoma jina la Ubuntu kwenye ujumbe wa kosa, anahitimisha kwamba Ubuntu ndiyo mbovu. Kumbe pakiti hata kwenye korido haijafika.

Kumkamata tapeli si kazi ngumu. Windows ikishaandika majibu ya `ipconfig /all`, kuna mstari unaotaja anwani ya seva ya DHCP iliyokupa namba. Linganisha na wa jirani. Kwenye Linux fungua terminali, andika `sudo tcpdump -n -e port 67 or port 68`, kisha zima na kuwasha mtandao. Ukiona wawili tofauti wanakupa ofa, umempata. Amri hiyo inakuonyesha pia kitambulisho cha kifaa chake cha mtandao, tarakimu 12 zilizoandikwa mbili mbili, na sita za mwanzo kwa kawaida hutaja kampuni iliyokitengeneza. Msimamizi akikitafuta kitambulisho hicho kwenye jedwali la swichi ataona kiko tundu namba ngapi, na waya wa tundu hilo utampeleka hadi mlangoni kwa mhusika. Dawa ya kudumu ni kuziambia swichi kwamba matundu fulani tu ndiyo yanaruhusiwa kutoa majibu ya DHCP. Swichi nyingi za ofisini zina uwezo huo. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna aliyeuwasha.

Tapeli huyu wa hosteli hana nia mbaya. Lakini fikiria mwenye nia mbaya, mwenye modemu yake ya 4G nyuma ya ruta. Kila kitu kitafanya kazi vizuri tu, ila mawasiliano yako yote yatapitia mkononi mwake, na majina yote utamuuliza yeye. Waandishi wa DHCP walilijua hili: waraka wenyewe wa 1997 una sehemu ya usalama inayokiri wazi kwamba itifaki si salama. Mwaka 2001 ilitoka nyongeza ya kuthibitisha utambulisho wa seva, lakini karibu hakuna anayeitumia, maana ingebidi kila mgeni apewe siri kabla hajafika gestini. Mei 2024 watafiti wa usalama walionyesha pia kwamba kipengele kimoja cha kikaratasi, namba 121, kinachoruhusu seva kukupangia njia za pakiti, kinaweza kuzitoa pakiti zako nje ya VPN bila wewe kuona dalili yoyote. Kipengele hicho kipo tangu 2002.

Namba iko sawa. Mzigo unatoka wapi?

Tuseme sasa una anwani ya kweli, geti la kweli, DNS ya kweli. `apt` inatoka nje kutafuta vifurushi (si vile vya dakika na SMS, hapa kifurushi ni programu moja iliyofungwa pamoja na maelezo yake). Debian na Ubuntu zina makumi ya maelfu ya vifurushi, na hakuna seva moja inayoweza kuihudumia dunia nzima peke yake. Kwa hiyo vyuo, watoa huduma za intaneti na watu wa kujitolea huweka mira: kompyuta zenye nakala kamili ya hazina hiyo, zinazojisasisha mara kadhaa kwa siku.

Kwa nini umbali una maana? Mwanga ndani ya fiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi 15,000. Hiyo ni milisekunde 75 kwa uchache, na kebo za baharini hazinyooki, zinazunguka. Mira iliyo mjini kwako inajibu kwa milisekunde chache tu. Hapo hatujagusa gharama ya kuubeba mzigo huo kupitia kebo za kimataifa, ambayo lazima kuna mtu anailipa.

Kisha kuna siku kebo inakatika. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili kubwa za pwani yetu, SEACOM na EASSy, zilikatika karibu na Afrika Kusini kwa wakati mmoja. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakakaa na intaneti ya kuvutavuta. Ila kilichokatika ni njia ya kwenda nje. Watoa huduma wa ndani bado wanakutana kwenye vituo vya kubadilishana data, kama KIXP ya Nairobi na TIX ya Dar es Salaam iliyoanza 2004, na pakiti inayotoka mtandao mmoja wa nchini kwenda mwingine haina sababu ya kugusa bahari. Maabara inayochukua programu zake kwenye mira iliyo upande huu wa bahari inaweza kuendelea na somo siku kama hiyo. Inayochukua Ulaya inaahirisha kipindi. Kwa maoni yangu mitandao ya elimu na utafiti, kama KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania, ndipo mahali pa asili pa kuweka mira, kwa sababu tayari ndiyo inayoviunganisha vyuo.

Tahadhari ndogo: jina la mira lenye herufi za nchi, mfano tz.archive.ubuntu.com, si ushahidi kwamba seva iko nchini. Pasipo na mira rasmi ya nchi, jina kama hilo linaweza kukupeleka tu kwenye seva kuu za ng'ambo. Tumia `traceroute` ujionee.

Pilau kwanza, ubao baadaye

Kuendesha mira ni kazi ya utaratibu kuliko ya nguvu. Chombo chake kikuu ni rsync, iliyobuniwa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras nchini Australia. Wazo lake linapendeza. Mimi nina faili la zamani, wewe una jipya, na waya kati yetu ni mwembamba. Badala ya kunitumia faili zima, mimi nalikata langu vipande, nakutumia alama fupi ya kila kipande, mfano wa alama ya kidole. Wewe unapitia lako ukitafuta wapi alama hizo zinajirudia, hata kama zimesogea mahali, kisha unanitumia sehemu mpya tu. Kwa mira, faida kubwa zaidi ni ya kawaida tu: rsync inalinganisha orodha za mafaili pande zote mbili na kuleta yale yasiyokuwepo.

Ila ukiiacha ilete kwa mpangilio wowote, utaumiza watu. Fikiria mama ntilie mwenye ubao wa menyu nje. Akiandika "pilau" kabla pilau haijaiva, mteja anaagiza, anasubiri, anaambiwa hakuna. Akiondoa maharage jikoni kabla ya kuyafuta ubaoni, yale yale. Kwenye hazina ya programu ubao ni faharasa, faili linalosema kifurushi gani kipo na alama yake ya kidole ni ipi. Kwa hiyo Debian inawaelekeza waendesha mira kusasisha kwa awamu mbili: kwanza leta vifurushi vipya bila kugusa faharasa, kisha leta faharasa, na vya zamani uvifute mwisho. Anayepuuza utaratibu huo ndiye anayezaa yale makosa ya `Hash Sum mismatch`, ambapo ubao unasema alama moja na sahani ina nyingine.

Kosa la 404 ni ndugu yake lakini chanzo chake huwa kingine. Mira iko sawa, wewe ndiye unayesoma picha ya ubao uliyopiga wiki iliyopita. Kifurushi ulichokiona kimeshabadilishwa na kipya. Endesha `apt update` kwanza.

Na mira iliyochoka, iliyoacha kujisasisha wiki tatu zilizopita bila mwenyewe kujua? Hiyo haitoi kosa lolote, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Kwenye mira za Debian fungua folda ya `project/trace`. Ndani kuna mafaili madogo yenye tarehe na saa ya usasishaji wa mwisho. Hazina kuu ya Debian husasishwa mara nne kwa siku, kwa hiyo ukikuta tarehe ya mwezi uliopita, hama.

Kwa nini huhitaji kumjua mwenye mira

Mwaka 2008 Justin Cappos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walifanya jaribio la kusisimua. Walikodi seva, wakabuni jina la kampuni na la msimamizi ambaye hayupo, wakaomba kuwa mira rasmi ya Ubuntu, Debian, Fedora, CentOS na openSUSE. Zote tano zikawakubali. Maelfu ya kompyuta zikaanza kuchota programu kwao.

Linatisha, sivyo? Hata hivyo, wangejaribu kuingiza virusi ndani ya kifurushi cha Debian, `apt` ingekikataa. Mnyororo uko hivi: kompyuta yako ilikuja na funguo za umma za Debian tangu ulipoiweka. Faili moja kwenye hazina, linaloitwa `InRelease`, limetiwa saini ya kidijitali inayothibitishwa kwa funguo hizo. Ndani yake kuna alama ya kidole ya kila faharasa. Ndani ya faharasa kuna alama ya kidole ya kila kifurushi. Badilisha herufi moja kwenye kifurushi kimoja na mnyororo unakatika. Debian 4.0 ya mwaka 2007 ilikuja na ukaguzi huu tayari. Aliyekuletea mzigo anaweza kuwa mwizi, bado utajua kama mzigo umefunguliwa njiani. Hapa ndipo DHCP na mira zinapoachana: ya kwanza inaangalia nani amewahi kujibu, ya pili inaangalia saini.

Walichoonyesha kina Cappos ni ujanja mwingine. Mira mbaya haihitaji kubadilisha kitu. Inaweza kuganda tu: ikaendelea kukupa vifurushi vya zamani, vyenye saini halali kabisa, ili usipate marekebisho ya usalama, huku tundu la zamani likiwa wazi. Ndiyo sababu hazina ya usalama ya Debian ina tarehe ya mwisho ya uhalali ndani ya faili lililosainiwa. Ikipita, `apt` inagoma.

Tarehe hizo zina kioja chao. Kompyuta ya zamani iliyokwisha betri ya saa huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma sana, na Raspberry Pi za kabla ya ile ya 5 hazina saa inayoendelea zikizimwa. Hapo `apt` inasoma saini ya leo na kulalamika kwamba faili bado halijawa halali. Mtu atabadilisha mira tano bila mafanikio, wakati dawa ni kurekebisha saa.

Kuna na ile ya waifai yenye ukurasa wa kuingiza nywila. Umepata anwani, lakini hujaingia, na kila unachoomba unaletewa ukurasa ule ule. `apt` inaomba faili lenye saini, inapewa ukurasa wa wavuti, inakataa, na ujumbe wake unakuuliza kama mtandao huo unahitaji kujitambulisha. Ni mojawapo ya makosa machache kwenye kompyuta yanayokupa jibu lenyewe, na bado watu hawalisomi hadi mwisho.

Saini ina mpaka wake pia. Inathibitisha nani kafunga kifurushi, haithibitishi kwamba alichofunga ni kizuri. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, uliowekwa na mtu aliyekuwa msimamizi halali wa mradi huo. Mira zilizokuwa zimebeba matoleo hayo ziliyabeba kwa uaminifu kamili.

Kama maabara ni yako

Kabla hujakimbilia kujenga mira kamili, piga hesabu. Kompyuta 40, kila moja inahitaji masasisho ya megabaiti 500, jumla gigabaiti 20. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya saa nne, laini yote ikiwa yako peke yako. Ukipakua mara moja tu na kugawa ndani, unatumia chini ya dakika saba za laini hiyo, mengine yote yanapita kwenye waya za maabara. Mira kamili ya Debian inameza terabaiti kadhaa za diski na kupakua vitu ambavyo hakuna atakayeviomba kamwe. Programu ya `apt-cacher-ng` inahifadhi kile tu ambacho mtu wa kwanza amekiomba, na wa pili anakikuta hapo hapo. Kwa maabara nyingi hiyo inatosha, na kompyuta ya zamani yenye diski nzuri inaibeba.

Ila kompyuta hiyo ipe anwani isiyobadilika, kwa kuiandikisha kwenye seva ya DHCP kwa kitambulisho chake, au kwa kuchagua namba iliyo nje kabisa ya zile zinazogawiwa. Ikipata namba kwa kubahatisha kama wageni wengine, siku itakapoamka na namba nyingine mashine zote 40 zitakuwa zinagonga mlango usio na mtu. Na ukiiandikia kwa mkono namba iliyo ndani ya zile zinazogawiwa, ipo siku seva itampa mtu mwingine namba hiyo hiyo. Utakuta vifurushi vinashuka kwa dakika tatu, vinakatika, vinaendelea, na diski utaikagua, na waya utabadilisha. Dalili hiyo ukiiona, kaa kwenye kompyuta yoyote nyingine ya maabara na uandike `sudo arping` ikifuatiwa na anwani ya seva. Yakirudi majibu yenye vitambulisho viwili tofauti, wapo wawili chumba kimoja.